Baba Yangu kwa Kiingereza

Baba alikuwa mtu wa kuchelewa. Kanisani alifika wakati wa matangazo, msibani alikuta watu wanarudi. Kwa hiyo nilipokuwa kidato cha pili Mpanda mjini, tulipotakiwa kuwaandikia kwa Kiingereza wafadhili waliokuwa wakiwalipia wanafunzi bweni, nilimweleza alivyo: "My late father is a farmer." Nilijua "late" ni kuchelewa, basi. Mwalimu aliyepitia barua zetu alikata "is" kwa kalamu nyekundu akaandika "was". Nikanakili upya, nikashukuru kusahihishwa sarufi.

Majibu yalikuja na nafasi ya bweni, pamoja na pole nyingi za kufiwa na baba. Nikakimbilia kamusi. Juu walikaa ndugu wa lile neno niliowazoea, "delayed" na "overdue". Chini yao, "deceased". Marehemu. Hayati nayo waliiweka, ingawa hiyo sisi tunawapa viongozi, na baba alikuwa analima mahindi Magamba.

Jumamosi nilikwenda nyumbani nikamweleza. Alikuwa anapukuchua mahindi, hakuacha.

"Kwa hiyo kwa Kizungu mimi nimekufa?"

"Ndiyo, baba."

"Na ukiwaambia niko hai?"

"Watanitoa bweni."

Bila bweni ningerudi kutembea kutoka Magamba kila alfajiri, na wasichana wawili wa kwetu walikuwa wameshaacha shule kwa sababu ya njia hiyo. Baba aliwajua wote wawili.

"Basi waache hivyo hivyo. Nyie someni tu. Kufa kwa Kizungu hakuumi."

Alicheka. Mimi niliona aibu, na sikurekebisha kitu. Kuanzia hapo fomu za shule alizisaini kama baba mdogo. Siku za kutembelewa alinisalimia kwa sauti kubwa, "Hujambo, mtoto wa kaka!" akijifurahisha mwenyewe, mimi nikitamani ardhi ipasuke.

Kwenye mahafali ya kidato cha nne wafadhili wawili walikuja. Baba alivaa koti lake la kanisani, akakaa na mama safu ya tatu. Nilipoitwa mbele kuchukua cheti, mshereheshaji aliomba wazazi wangu wasimame wapigiwe makofi. Mama alisimama. Baba aliinuka nusu, akakumbuka, akakaa tena. Akampigia mama makofi kuliko watu wote.