Redio Inayonasa Kila Sauti

Dharau imeniponza, na bora niisimulie mwenyewe kabla madereva wenzangu hawajaipamba.

Mgeni mmoja niliyemtembeza mbugani aliniachia redio yake ya kunasa masafa yote, mashine ya bei mbaya. Nikaamua kuiuza. Mteja alikuwa Mangi mwenye duka la vifaa vya umeme mtaani Ngarenaro. Nikaegesha gari la kampuni nje ya duka lake, nikamkaribisha ndani ya gari, nikamvalisha hedifoni. Mashine nikaiweka kwenye masafa yanayotumiwa na magari yetu kuwasiliana na ofisi, kisha nikaanza kujitapa.

"Hii haimfai mjinga, Mangi. Bosi wetu ukimpa, ataikaangia mayai. Yule mama hata njia ya Momella haijui, halafu ndiye anatupangia safari!"

"Inanasa vizuri," akasema Mangi, akitabasamu. "Kuna dereva huku anamtukana bosi wake."

Nilicheka hadi machozi. "Huyo amekalia kipaza sauti cha redio ya gari lake, kitufe kimebanwa. Wapumbavu wa namna hiyo tunao wengi. Kesho hana kazi!"

Mangi akavua hedifoni taratibu. "Naye kasema hivyohivyo. Kwa sauti yako."

Nikainua paja. Kipaza sauti kilikuwa pale chini, kimepata joto langu. Mara spika ya gari ikakoroma, ikatoka sauti ya yule mama, tulivu kabisa:

"Ukishamaliza kuuza, dereva, lete gari. Mayai nitakaanga mwenyewe."