Pikapu ya Marehemu Hubert Inapokataa Kuwaka

Gari lililokufa kabisa halimsumbui Papa Séverin. Lina adabu: unalifungua, unaona kilichovunjika, unakitengeneza. Linalomnyima raha ni lile linalowaka leo na kugoma kesho, na pikapu ya Mama Viviane ilikuwa ya aina hiyo hasa. Tangu mumewe Hubert azikwe, miezi mitano sasa, ilikuwa inamchezea fundi wa watu. Ikivutwa hadi gerejini kwake, mtaa wa Mangobo, inawaka mara moja, kama mtoto mtundu anapoona mgeni. Ikirudi nyumbani kwa mama, kimya.

Alhamisi asubuhi Mama Viviane alishuka kwenye teksi ya pikipiki, akakataa hata kiti.

"Papa Séverin, mi nimechoka. Jana imeniacha kwa njia ya Bengamisa, mihogo yote juu ya jua. Leo tena inakatala, iko pale nyumbani, kwa parcelle. Lundi watu ya vyuma chakavu watakuja kuikata. Bon, nimesema."

"Kuikata Jumatatu? Mama, ile motokari?"

"Ile ile. Nitakula souvenirs, ukumbusho ya marehemu?"

Séverin alichukua taa yake ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili, akamfuata. Moyo ulimuuma. Miaka kumi na miwili yeye na Hubert walikuwa wamekula vumbi la Bengamisa ndani ya pikapu hiyo, Hubert kwenye usukani, yeye na bisibisi mfukoni. Walikwama matopeni, wakachoma ndizi kando ya barabara, wakagombana juu ya mpira na kucheka mpaka machozi. Watu wa siku hizi hawajui kucheka hivyo, alijisemea, wana haraka mno.

Uani aligeuza ufunguo. Hakuna kitu, hata mlio. Safari hii alifurahi, kwa sababu ugonjwa wa kuja na kuondoka hukamatwa ukiwa kazini. Betri ilikuwa nzima, taa za mbele zilimulika vizuri. Alikwangua vichwa vya betri, akakaza waya wa bodi. Kimya. Akachukua kipande cha waya, akapeleka umeme moja kwa moja kwenye démarreur, mota inayozungusha injini, nayo ikazunguka kwa nguvu zote.

"Démarreur iko muzima," alisema. "Umeme unapotea njiani."

Aligusisha taa yake kwenye waya mwembamba unaotoka kwenye ufunguo, akamwomba mama ageuze. Nyuma ya ufunguo taa iliwaka. Kwenye démarreur haikuwaka. Basi akaufuata waya huo kwa vidole chini ya dashibodi, na hapo akashangaa. Badala ya kwenda mbele kwenye injini, ulirudi nyuma, ukaingia chini ya zulia, ukapotelea chini ya kiti cha dereva. Nani mjinga aliyefanya kazi hii? Alilala kifudifudi, akachungulia.

Palikuwa na swichi ndogo iliyoota kutu, imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na juu ya mpira uzi wa nyavu uliokazwa kwa fundo la mitego. Séverin ni Mgenya, wa wale wavuvi wa pale maporomokoni. Baba yake alimfundisha fundo hilo kabla hajajua kushika bisibisi. Katika Kisangani nzima hakuna fundi mwingine aliyefunga waya hivyo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alikaa chini kwenye mchanga, akacheka peke yake kwa aibu. Wakati wa vita, wenye bunduki walipokuwa wanachukua magari, yeye ndiye aliyeyaua kwa siri: anakata waya wa kuwashia, anaficha swichi, mwenye gari peke yake anajua mahali. Sharti lilikuwa moja, fundi afunge na asahau. Alifunga mengi, na kweli alisahau. Sasa alimweleza mama yote hayo bila kujitetea.

Mama Viviane aliinama, akaitazama swichi.

"Donc ndiyo sababu kila asubuhi alikuwa anainama pale," alisema. "Ananiambia anafunga kamba ya kiatu. Na viatu yake haikuwa na kamba!"

"Alikuwa anaitikisa, mama. Tangu amekufa hakuna mutu wa kuigusa, kutu imeingia. Ikivutwa mpaka kwangu, mashimo ya njia yanaitikisa, inawaka."

"Nilijua kuna kitu ananificha. Miaka yote nilimukasirikia. Bibi yake wa ndoa, na hakuniamini."

"Hapana, mama. Aliniambia siku ile ile: 'Wakikuja, watauliza bibi yangu. Asijue kitu.'"

Mama aliweka kidole chini ya shingo.

"Walikuja mara mbili. Mara ya pili, mumoja aliniweka bunduki hapa. Nikaapa mbele ya Mungu sijui motokari inawaka namna gani. Aliniangalia kwa macho, akaona ni kweli. Akaenda."

Séverin hakuwa amewahi kusikia habari hiyo. Alishika koleo ili aing'oe swichi na kuunga waya moja kwa moja, kama fundi yeyote angefanya. Mama alimshika mkono.

"Usiitoe, papa. Ile kitu haikulinda motokari. Ilinilinda mimi."

Basi akaifungua, akaisugua kutu yote, akaifunga upya kwa uzi mpya. Mama Viviane alipanda mwenyewe, akageuza ufunguo, na pikapu ikawaka. Hakushuka. Aliweka mikono juu ya usukani, injini ikinguruma, akamlilia Hubert kwa sauti, kilio ambacho siku ya mazishi hakikutoka.