Maji Aliyoyameza Kaka

Kaka yangu ndiye aliyenifundisha kupanda nguzo za umeme, na mimi ndiye niliyemnyima kazi hiyo. Afadhali niyaseme haya mapema, kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea nakujua sana.

Tulizaliwa Chawia, juu milimani, watoto wawili tu. Baba alipofariki, kaka alikuwa darasa la nne. Ilibidi mmoja wetu aache shule ashike jembe, na hakuna aliyemuuliza kaka kama angependa awe yeye. Akaacha. Mimi nilisoma mpaka la saba nikapata cheti, na cheti hicho kilitokana na kabichi na maharagwe ambayo kaka aliyateremsha Voi kila wiki.

Huko Voi ndiko alikoiona nguzo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mafundi wa kigeni walikuwa wakirudi kwao, na kampuni ya umeme ilikuwa ikitafuta vijana wa hapa iwafundishe kazi ya laini. Karibu na stesheni walisimamisha nguzo moja isiyo na waya, ya kupimia watu. Kaka alikaa kando ya magunia yake akatazama siku nzima, na kabichi zikanyauka. Aliporudi alinieleza mtihani wote. Unavaa vyuma vya miguuni vyenye meno, unajifunga mkanda, unapanda mpaka juu, halafu unaachia mikono yote miwili na kukaza nati nne kwenye bolti zake.

"Kupanda wengi wanaweza," alisema. "Kinachowashinda ni kuachia mikono. Twende sote wawili."

Mpakani mwa shamba letu palikuwa na mkaratusi mrefu. Hapo ndipo aliponifunza, kwa kamba ya katani. Nati hatukuwa nazo, kwa hiyo alinipa sindano ya mama na uzi. Nilitakiwa niegemee kamba kwa mgongo, niachie mikono, nitie uzi kwenye tundu la sindano huku upepo ukiuyumbisha mti. Nilipoteza sindano tatu. Mama alipogomba, kaka alisema ni yeye aliyezipoteza. Mimi ni mwoga wa kuwa juu, mpaka leo, na katika miaka yangu yote ya kazi hakuna aliyelijua hilo isipokuwa yeye.

Siku ya mtihani kaka alipanda kama mtu anayeingia jikoni kwake. Alikaza nati zote nne, na msimamizi aliposema hakuona vizuri, akazifungua na kuzikaza upya. Mimi nilikaza tatu, ya nne ikaniponyoka. Kisha tukaitwa mezani na kuulizwa vyeti. Kaka hakuwa nacho. Msimamizi alimwomba asogee kando, tena kwa upole, akaandika jina langu.

Sisi Wadawida tuna jambo letu. Hasira ya ndugu ikikaa moyoni humdhuru yule aliyekasirikiwa, hata kama mwenye hasira hana nia mbaya. Kwa hiyo kabla ya safari kuna kutasa. Mwenye kinyongo hupiga funda, hulipuliza nje kwa mdomo, na kutamka kwamba kama moyoni palikuwa na hasira, sasa imetoka. Wazee walitumia pombe ya miwa. Mama alikuwa mtu wa kanisa, akatumia maji, na mchungaji hakuulizwa.

Asubuhi ya kuondoka kwangu, mama alimpa kaka kata ya maji pale mlangoni. Kaka akapiga funda. Nilikuwa nimesimama mbele yake na sanduku langu la mbao, nikingoja. Alinitazama, mashavu yamejaa, kisha akageukia ukuta. Nikaona koo lake likipanda na kushuka. Aliyameza. Alimrudishia mama kata, na bila kunigeukia akasema, "Nenda, gari litakuacha."

Niliteremka mlima nikijua kwamba nakwenda kufanya kazi ya juu, na hasira ya kaka iko tumboni mwake.

Anayetaka kucheka acheke. Mimi sikuweza. Nilifundishwa, nikapata mkanda wangu na kofia yangu, na kila nguzo niliyopanda nilipanda na kaka kichwani. Siku moja upande wa Mbololo chuma cha mguu kiliteleza kwenye nguzo iliyolowa mvua, nikashuka nayo kifua chote kikichunika. Nilipofika chini sikuwaza mvua. Niliwaza maji yale. Nilipokuja nyumbani likizo tulizungumza habari za mahindi na ng'ombe, nami nikawa nautazama mdomo wake. Sikumuuliza. Niliogopa angenijibu kwamba ndiyo, bado anayo.

Miaka ikaenda, nikawa fomeni. Laini zilikuwa zinaongezeka na watu hawatoshi, kwa hiyo nikawekwa Voi, kando ya msimamizi, tuchague wengine. Safari hii sharti lilikuwa limelegezwa. Mtu asiye na cheti angeweza kuchukuliwa, mradi apite mtihani wa nguzo na fomeni amsemee.

Kaka akasikia habari hizo. Alikuja amevaa koti lake la kanisani, akalivua, akalikunja juu ya jiwe. Alipanda. Nati nne. Alipofika chini hata hakuwa akihema.

"Huyu unamjua?" msimamizi akaniuliza.

"Ni ndugu yangu."

"Basi unasemaje?"

Kazi ya laini ni ya watu wawili wawili. Mmoja yuko juu kwenye waya, mwingine yuko chini kwenye swichi, na aliye juu amemkabidhi wa chini roho yake. Kichwani nilimwona kaka chini kwenye swichi, mtu aliyepewa nafasi ya kutoa hasira akaimeza, na mimi nikiwa juu. Nilimwogopa ndugu yangu. Nikasema, "Umri wake umeenda."

Alisikia, maana alikuwa hatua tatu kutoka mezani. Akavua vile vyuma na kuvilaza chini, meno yakitazama ndani ili yasimkate atakayevichukua. Alimwambia msimamizi asante. Kisha akaniuliza kama nitapita nyumbani Jumapili. Nikasema nitapita, na sikupita.

Baada ya hapo alikwenda kukata mkonge kule tambarare, kazi ya mgongo na vumbi. Haikupita miaka mingi, kifua kikamwangusha. Nilipopata habari nilipanda gari la kwanza, nikamkuta yumo sandukuni. Tulimzika karibu na baba.

Matanga yalipokwisha na watu kutawanyika, nilibaki na mama uani, tukichambua maharagwe. Ndipo nilipomuuliza lile ambalo nilipaswa kumuuliza kaka mwenyewe.

"Mama, kaka aliwahi kuitoa ile hasira?"

"Hasira gani?"

"Ya siku niliyoondoka. Aliyameza maji, nilimwona."

Mama aliacha kuchambua. Alinitazama kama anayetafuta mtu mwingine usoni mwangu.

"Alikuwa analia," akasema. "Mtu anayelia atapulizaje maji? Yalimshinda, akayameza. Aligeuka ili usimwone."

Akaendelea kunieleza, polepole. Nilipopotea kwenye kona ya chini, kaka alimwomba tena kata. Alikwenda ukingoni mwa uwanja, akaelekea njia ya Voi, akapuliza mara tatu na kutamka kwa sauti mpaka jirani akatoka kuangalia kuna nini. Na baadaye, kila aliposikia radi zinapiga upande wa bondeni, alikuwa akitoka na maji yake.

"Nilidhani unajua," alisema mama. "Sote tulijua."

Nilimkasirikia kwa kutoniambia. Nilimkasirikia kaka kwa kunificha machozi yake. Halafu hasira ikarudi kwangu ikakaa, na hakuna tena wa kupiga funda kwa ajili yake. Maumivu hayo sijapata kuyapunguza, na sidhani kama nastahili kupunguziwa.

Mama alirudia maharagwe yake. Baada ya kitambo akauliza, bila ubaya wowote, "Na ile nafasi aliyokuja kuitafuta, mlimpa nani?"

"Sikumbuki," nikamwambia.

Namkumbuka vizuri sana. Alikuwa mtu wa mbali, mwenye cheti kizuri. Alipofika juu aliikumbatia nguzo, akakaza nati mbili tu, na mimi nikamwambia msimamizi kwamba atajifunza. Nilimfundisha mwenyewe, kwa sindano na uzi.