Meno Mapya Yaliyonizuia ku Mupaka

Mimi si mutu wa kuona haya ovyo. Nauza maharagi ku soko tangu Patient, mutoto wangu wa kwanza, akiwa mugongoni, nimegombana na wenye malori ya Kiwanja, nimegombana na wanunuzi, nimegombana hata na padri mara moja (alinisamehe), na sijashusha macho mbele ya mutu. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba iko siku nilitamani ardhi ipasuke initie ndani, na hapa Goma, chini ya mulima wa moto, ardhi kupasuka si maneno ya muchezo, mujue kweli yalinifika. Nawaelezea mimi mwenyewe, juu mukingojea jirani yangu Mama Zawadi awaambie, ataongeza chumvi.

Habari ilianzia kwa meno. Yalikuwa yamebaki saba tu, matatu juu na manne chini, na hakuna hata mawili yaliyokuwa yanakutana, sasa niambieni mutu anatafuna na nini. Munganga wa meno, kijana mumoja mupole sana, akataka tutoe moja moja, polepole, nikamuambia, "Mutoto wangu, mimi nimezaa mara sita, usinitishe na meno saba." Akacheka, akatoa matatu siku ile na manne wiki ya pili, na mimi sikulia (machozi yalitoka yenyewe, hayo sihesabu). Kisha akasema fizi zinapashwa kupona kwanza, miezi miwili hivi, ndipo achukue vipimo atengeneze meno ya kuvaa, ya juu na ya chini. Miezi hiyo nilikula fufu na sombe, avoka, uji, na maharagi yangu mwenyewe ya kuponda, na kila nikipita karibu na wamama wanaochoma mahindi ku barabara ya Mugunga, nilikuwa nageuza uso kando kwa hasira.

Katikati ya miezi hiyo, lesepase yangu, ile karatasi ya kupitia mupaka kwenda Gisenyi, ikaisha muda. Na Patient alikuwa amepata muchumba kule Gisenyi, Solange, binti wa adabu, na siku ya gusaba ilikuwa inakaribia, ni kusema siku ya familia yetu kwenda kumuomba binti kwa wazazi wake. Patient akaniambia, "Mama, ngojea meno kwanza, ndio upige foto." Maneno ya akili kabisa. Mimi nikamujibu, "Foto ya mupaka ni ya kuonyesha askari, si ya kutundika ku ukuta wa salo. Nangojea nini?" Nikaenda nikapiga siku ile ile. Foto yenyewe sasa! Mashavu yameingia ndani, mudomo umekunjamana, kidevu kimepanda kutafuta pua. Nilicheka, nikaitia ku sakoshi, na lesepase mupya ikatoka na uso ule ule.

Meno yangu yalikuwa tayari ijumaa, na gusaba ilikuwa kesho yake, siku ya posho, ni kusema jumamosi. Munganga akanivalisha, akaniambia nitumie kola yake, ile gundi ya kuyashikisha, kidogo tu, kama punje moja ya haragi, nisome kwa sauti nyumbani kwa wiki nzima ili ulimi uzoee, nyama nikate ndogo ndogo, na wakati wa kulala niyatoe niyaweke ku maji. Wiki nzima! Mimi nilikuwa na saa chache. Mwanzoni ilikuwa kama nimesahau kijiko kinywani, mate yanajaa, nikisema neno meno yanasema la kwao. Nikajifungia chumbani, nikasoma kalenda ya parokia kwa sauti, januari mpaka desemba, na watakatifu wao wote. Kisha nikajiangalia ku kioo. Yesu wangu! Mwanamuke wa mule ndani alikuwa muzuri, mashavu yamerudi, mudomo umesimama, nikamuchekea naye akanichekea.

Hapo ndipo nikajiamulia kwamba hakuna mutu atakayeyaona meno haya mpaka niingie kwa wakwe, hata Patient sikumuambia kwamba yako tayari. Baba yake Patient alikufa zamani, kwa hiyo upande wa wazazi ni mimi peke yangu, na mama ya Solange hajawahi kuniona, na mimi nilitaka anione muzima, nikiwa kamili, asije akasema mutoto wake anaingia kwa watu waliochakaa. Basi siku ya posho asubuhi nikavaa mushanana, lile vazi la sherehe la kufunga begani, nikapaka kola (si punje ya haragi, nilipaka kama ya kukwamisha mulango), nikafunga mudomo, nikaingia ku gari na watu wetu. Kutoka Katoyi mpaka ku mupaka sikutoa neno. Papa Faustin, shemeji yangu, ndiye alikuwa musemaji wetu wa siku hiyo, ananijua vizuri, akaniangalia mara mbili akauliza, "Shemeji, unaumwa?" Nikatikisa kichwa. Mama Zawadi, ambaye pia ni mwenzangu wa korali, akasema labda ni Roho Mutakatifu.

Ku mupaka wababa wakachukua mulongo wao, foleni ya wanaume, wakapita mbio, Patient na kostime yake akanipungia mukono akiwa ng'ambo. Wamama wetu wengine nao walikuwa mbele yangu, wakapita. Nikafika kwa dirisha, nikatoa lesepase. Kijana wa pale akaangalia foto, akaniangalia mimi, akaangalia foto tena.

"Mama, huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Hapana, mama. Huyu ni mama yako. Karatasi ya muzazi haitumiwi na mutoto."

Sasa niseme ukweli wangu wote. Nilifurahi. Niko pale, mulongo mukubwa nyuma yangu, wakwe wananingojea, na mimi nafurahi kwamba nimekuwa mutoto wangu mwenyewe! Nikamutolea cheko nzuri, meno yote nje, ya juu na ya chini. Yule kijana hakucheka, akaweka karatasi kando. Ndipo nikashtuka.

"Mimi napita hapa toka wewe hujazaliwa," nikamuambia. "Uliza watu. Mama Zawadi! Kuja umuambie kama unanijua."

Mama Zawadi alikuwa nyuma yangu kabisa, akasogea, akaniangalia kinywani kwanza, macho yakamutoka. "Namujua," akasema, "ni Mama Patient, tunaimba pamoja. Lakini Mama Patient hana meno."

Watu wakaanza kucheka. Hapo neno moja tu lingenitosha, neno la kusema nilitoa meno na haya ni ya kuvaa, bwana, kwisha. Lakini kumuambia kijana ni kumuambia Mama Zawadi, na kumuambia Mama Zawadi ni kuyatangaza ku redio, na zile cheko nilizipangia mama ya Solange zingekuwa zimeharibika kabla sijafika. Basi nikadanganya. Nikasema, "Ile foto nilipiga wakati nilikuwa mugonjwa sana, nilikonda."

Wenye kukaa Goma, nasikia munashika vichwa tayari. Ku mupaka wetu, juu ya ile homa ya kutokwa damu, unapimwa joto, unanawa mikono na dawa, na mimi natamka kwa mudomo wangu kwamba nilikuwa mugonjwa sana! Kijana akanionyesha hema la watu wa afya palepale kando, akasema nianzie kule. Na Mama Zawadi akapigiwa muhuri, akasimama kunawa mikono karibu na hema.

Ku hema, muguzi alikuwa binti mwenye glavu na maswali mengi. Akanipima ku paji la uso, hakuna kitu. "Ulikuwa na homa?" Hapana. "Kutapika?" Hapana. "Damu ilitoka?" Na mimi, ambaye nimekwisha kudanganya mara moja na roho inanisuta, nikaona hapa nijibu ukweli.

"Damu, ndiyo, ilitoka. Siku mbili."

"Ilitokea wapi?"

"Kinywani."

Yule binti akarudi nyuma hatua tatu. Akaniambia, kwa sauti ya heshima kabisa, nikae ku kile kiti pale peke yangu, nisishike kitu, amuite munganga wao mukubwa. Wale waliokuwa wananawa mikono karibu wakaniona nimekaa peke yangu na mushanana yangu, wakanawa tena, na Mama Zawadi, aliyesikia neno damu, akakimbilia ng'ambo. Nilikaa. Jua likapanda. Munganga mukubwa alikuwa njiani, kisha alikuwa anakuja, kisha alikuwa karibu. Nikajiambia atakuja, nitamueleza kwa siri, sikio kwa sikio, nitaenda zangu. Ndivyo nilivyokuwa na kiburi, saa nzima.

Simu ikalia. Patient.

"Mama, Mama Zawadi anasema wamekushika ku mupaka juu ya damu. Damu gani, Mama?" Sauti ilikuwa inamutetemeka. "Papa Faustin anasimama aseme, wanamuuliza mama ya kijana iko wapi, hajui atasema nini. Nimetoka nyumbani kwao. Narudi kwako sasa hivi."

"Usirudi!" nilipiga kelele. "Patient, ukirudi nitakuchapa mbele ya askari! Mimi ni muzima! Ni meno!"

"Meno gani, Mama? Wewe hauna meno!" Na nikasikia anapumua kama mutu anayekimbia.

Nilisimama. Nikamuambia muguzi, wote wasikie, "Binti yangu, nilitoa meno saba, damu ilitoka kwa sababu ya koleo, na haya ni ya kununua." Akabaki ananishangaa, kisha kicheko kikamushinda, akasema yeye ananiamini, lakini foto iko kwa yule wa dirisha, niende nimuonyeshe yeye. Nikakata mulongo mbele ya wamama wote, wakalalamika, nikawaambia watulie wataona.

Nikashika ya chini, ikatoka. Nikashika ya juu. Hapana. Ile kola, jamani! Nikavuta na vidole viwili, hapana, nikavuta na mukono muzima, jasho linatoka, mushanana inashuka begani, na mama mumoja mwenye ndoo ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, akaweka ndoo chini ili anishangilie vizuri, "Vuta, mama! Vuta!" na mulongo muzima ukaitikia. Yule kijana wa dirisha alikuwa amesimama ameshika meza. Ilipotoka ilitoka na sauti, na watu wakapiga makofi. Nikageuka, mashavu ndani, kidevu juu, nikashika lesepase kando ya uso wangu.

"Sasa?"

"Pita, mama," akasema, na aligonga muhuri bila kuniangalia, mabega yanatikisika.

Mukadhani nitayarudisha? Kule ng'ambo nako kuna dirisha, na foto ni ile ile. Nikapita katikati ya mipaka miwili, meno ndani ya kitambaa, na yule wa pili alilinganisha akaona ni sawa kabisa, akanirudishia karatasi, akasema, "Karibu, mukecuru." Mukecuru, ni bibi kizee hiyo! Asubuhi nilikuwa mutoto wa mimi mwenyewe, saa sita haijafika nimekuwa bibi. Nikapanda pikipiki.

Ku mulango wa parsele, ule uwanja wa nyumba ya wakwe, nilimukuta Patient amesimama njiani bila koti, amelikunja mukononi. Alinishika mukono kwa nguvu. Ndani nikasikia musemaji wao anamubana Papa Faustin, "Tumewasikia wajomba, tumewasikia mashangazi, lakini nyumba isiyo na mama, binti yetu atamupikia nani?" Na Papa Faustin, mutu anayeweza kusema mpaka mvua ikatike, alikuwa anakohoa. Nilitaka kutafuta maji na kioo nivae meno. Nikamuangalia Patient, nikaacha. Nikaingia hivyo hivyo.

"Mama ni mimi," nikasema, na fizi zangu. "Nimechelewa kwa sababu nilitaka kuja kwenu muzuri, nikadanganya, wakanishika. Meno ni haya hapa." Na nikafungua kitambaa.

Parsele nzima ikacheka, hata bibi ya Solange, aliyeomba ayaone karibu, akayageuza geuza, akauliza munganga anakaa wapi. Mama ya Solange alitoka ku kiti chake, akanikumbatia, machozi ya kicheko yananilowesha shingo. Musemaji wao akasema mama wamemuona, na hata ndani ya kinywa wameona, hawana swali lingine. Solange tukapewa. Na ku foto zote za siku ile niko katikati, kinywa wazi, bila jino hata moja, na meno yangu mapya yanazunguka kwa wabibi wa Gisenyi.

Tulipokuwa tunarudi, wote walicheka mpaka mupaka, niliwasimulia nilivyovuta meno, Mama Zawadi akaigiza kama aliyekuwapo, na nilimuacha. Patient peke yake hakucheka. Nikamuuliza ana nini, akasema polepole, "Mama, nilikuwa nimekwisha kuwaambia wanisamehe, gusaba iishe, mimi naenda kwa mama yangu." Baba yake alienda hospitali kwa miguu yake na hakurudi, na habari tuliletewa na jirani, Patient akiwa na miaka tisa. Mimi nilijua hayo, na nilikaa ku kile kiti saa nzima nikilinda meno.

Sasa nayavaa kila siku, natafuna mahindi upande wa kushoto na wa kulia, ukitaka kuyaona sema tu. Lakini mutu wa mupaka akiniuliza, au wa soko, au wewe, nasema neno la kweli kwanza, hata kama Mama Zawadi yuko nyuma yangu. Ile sauti ya mutoto wangu ku simu, sitaisababisha tena.