Balbu ya Mzee Bahati

Mwanangu, kuna siku moja ya baridi pale Handsworth, huku ughaibuni, ambayo huwa naikumbuka kila nikiwasha taa. Nilikuwa bado kijana, nimetoka Nakuru si muda mrefu, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka nyumba za wazee kuwaogesha na kuwalisha. Mmoja wao alikuwa Mzee Bahati, mkimbizi kutoka Uvira, ambaye kumbukumbu ilikuwa imeanza kumtoka. Aliishi na mkewe, Mama Neema.

Wiki hiyo vijana wa kanisa letu walikuwa wamepita kwa wazee wakiwabadilishia taa. Balbu za zamani, zile zenye uzi ndani zinazowaka manjano, zilikuwa zimeanza kupigwa marufuku, nao wakaona wawasaidie wazee mapema. Wakafunga zile nyeupe zisizokula umeme mwingi, za zamani wakazitupa. Nia yao ilikuwa njema, siwalaumu.

Lakini chini ya mwanga ule mweupe Mzee Bahati alijiona yuko hospitali. Akamtazama mkewe akamwuliza, “Muganga, bibi yangu iko wapi?” Kwao bibi ni mke. Akafunga mdomo, hataki kula mpaka bibi yake aje, na bibi yake amesimama palepale na bakuli la uji. Niliumia, mwanangu. Kuona wazee wakisahau nilikuwa nimezoea, ila sikuwa nimewahi kumtazama usoni yule anayesahauliwa.

Mama Neema ndiye aliyeng'amua. Mchana, karibu na dirisha, mzee alimjua. Taa ikiwashwa, anamsahau. Na unajua giza la huku wakati wa baridi linavyoingia mapema. Basi tukatoka kutafuta balbu ya zamani Soho Road, duka baada ya duka, tukiambiwa zimekwisha.

Mwishowe tukaingia kwa mzee mmoja Kalasinga, muuza vifaa vya ujenzi. Alikuwa nazo chini ya rafu, ila boksi limeandikwa ni za viwandani, si za nyumbani.

“Mna kiwanda?” akauliza kwa Kiingereza.

Mama Neema Kiingereza hakijui. Nikamnong'oneza, “Mama, nikimwambia tuna karakana kule Tyseley atatupa, twende zetu. Nani atajua?”

Akanikazia macho. “Hapana. Mwambie mimi sina kiwanda. Niko na bwana, na hanijui tena.”

Nikatafsiri neno kwa neno, moyoni nikiziaga zile balbu. Mzee yule akawa anapangusa vumbi kwenye boksi kwa mkono wa sweta yake. Kisha akasema sheria inamtaka amwambie mteja kwamba si za nyumbani, na ameshatuambia. Akazifunga kwenye gazeti. “Mwambie mama asiiweke karibu na pazia,” akaongeza, “inapata moto sana.”

Tulipofika nyumbani nilipanda kiti nikafunga moja. Mzee Bahati akapepesa macho, akamtazama mkewe kwa muda mrefu.

“Ulikawia,” akamwambia, akafungua mdomo apewe uji.

Balbu haikumponya, nisikudanganye. Lakini tangu siku ile yule mwenye duka alikuwa akimwekea Mama Neema boksi pembeni, wala hakuuliza tena habari za kiwanda. Mzee Bahati alifariki kabla baridi haijaisha. Mkewe alikuwa amemshika mkono, na mzee alikuwa amemwita kwa jina lake.

Mwanangu, katika nchi hii utasimama mbele ya watu wengi wenye kukupa au kukunyima. Usione haya kuitaja haja yako kama ilivyo. Uongo wangu ungetupatia boksi moja, na yule mzee asingejua kamwe kwamba kuna mtu wa kumwekea. Na kabla hujaondoa kitu cha mzee kwa nia ya kumsaidia, keti naye, umwulize kinamfaa nini.

Mungu akupe ulimi usioogopa kweli. Na utakapozeeka, akubakishie mtu mmoja wa kukujua taa ikiwashwa.