Sekunde Nilizokata

Mume wangu hakuwahi kutazama video zetu hata moja. Mimi nilizipiga, mimi nilizikata, mimi nilizituma kila tulipofika mahali penye mtandao, na yeye alikaa nyuma ya mtumbwi na kafi lake akinung'unika kwamba alikuwemo mle, sasa atazame nini. Watu wa mbali walimjua sura, walijua kofia yake ya sufu, hata namna alivyokohoa baada ya chai. Yeye hakumjua hata mmoja wao. Nilikuwa namcheka kwa hilo. Siku hizi sicheki.

Tuliishi wawili ndani ya mtumbwi mpana wa mbao wenye kibanda cha turubai katikati. Humo tulilala, humo nilipika kwa mbabula ya mkaa, humo tulipanga chumvi, sabuni na betri za kuuza vijijini, kutoka Kindu kushuka na mto hadi Ubundu, kisha kurudi polepole na injini ndogo iliyojaa kiburi kuliko mke mdogo. Kilichofanya watu watutazame ni tanga. Mume wangu alilishona mwenyewe kwa turubai nyeupe kuukuu, akalisimamisha katikati ya mto ambao upepo wake huja tu mvua ikiwa karibu, saa ambayo mtu mwenye akili anakimbilia ukingoni. Saa hiyo ndipo yeye alipotweka. Wagenya wenzake, watu wa mto tangu kuzaliwa, walimcheka mpaka wakashika mbavu, kwa sababu Mgenya akiwa na kafi hahitaji kitu kingine. Lakini kwenye simu lile tanga lilipendeza, na watu wakaanza kutuandikia kutoka Kinshasa, kutoka Dubai, kutoka Ubelgiji: wazee wa tanga, leo mmefika wapi?

Chaneli alitufungulia binti yetu aliyezaliwa baada ya vita, anayekaa Kisangani na mume wake. Nasema hivyo kwa sababu kabla yake tulikuwa na mwingine.

Lazima kwanza nieleze desturi moja ya Wagenya. Kwao kila nyumba ina mapigo yake. Mwanamume akikaribia ukingo anagonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kafi, na aliye nyumbani anajua ni wake bila kuinua kichwa. Ya kwetu yalikuwa matatu ya haraka na mawili ya taratibu. Aliye nyumbani naye anajibu pigo moja juu ya chochote kilicho karibu, sufuria au kinu, maana yake nimekusikia, njoo. Mimi si Mgenya, nilizaliwa upande wa Kibombo ambako tulimngoja mtu kwa kumngoja tu, lakini mama mkwe alinisimamia wiki ya kwanza ya ndoa mpaka nikajua kujibu. Mwanamke asiyejibu, alisema, anamwambia mumewe abaki mtoni.

Binti yetu wa kwanza alipofika miaka minne alininyang'anya kazi hiyo. Akisikia baba yake anagonga, anachomoa mwiko kwenye ugali, anapiga sufuria mara mbili. Nikamwambia ni mara moja. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mjinga.

"Moja ya mama, moja yangu," akasema.

Nilitaka kumrekebisha. Baba yake akakataa. "Mwache mutoto," alisema. "Mi ninasikia muzuri, ninajua wote wawili muko."

Wakati wa vita mji wetu, Kindu, ulizingirwa. Kwenda shambani ilikuwa kujipeleka kifoni, na tulikula majani ya mihogo bila mafuta mpaka watoto wakabadilika rangi ya nywele. Asubuhi moja risasi zilianza upande wa stesheni ya gari moshi, na watu wote wa mitaa yetu wakamiminika mtoni kutaka kuvuka kwenda Alunguli, ng'ambo ya pili. Mume wangu alikuwa amekwisha pakia. Maji yalikuwa yamebakiza vidole viwili kufika ukingo wa mtumbwi, mama yake asiyeweza kutembea alikuwa amelala miguuni pangu, na mtoto alikuwa kifuani. Karibu nasi mtumbwi wa jirani ulikuwa unaondoka na ndani yake alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Alinyoosha mikono.

"Nipe mutoto," akasema. "Tutaonana ng'ambo."

Nikampa. Hakuna aliyeninyang'anya, nilimpa kwa mikono yangu, na niliona ni jambo la busara.

Tulipofika ng'ambo hawakuwepo. Maji yaliwachukua chini zaidi, na walioshuka huko walitawanyika msituni. Siku tatu mume wangu alipita kando ya mto akigonga: matatu ya haraka, mawili ya taratibu, kisha ananyamaza na kusikiliza. Mtu mmoja alituambia ameona mwanamke na mtoto kati ya watu waliokuwa wakielekea Lubutu kwa miguu. Vita vilipotulia tulionyeshwa kaburi la wifi kando ya njia hiyo. Kuhusu mtoto hakuna aliyejua lolote. Mtoto wa miaka minne hajui jina la ukoo wake, hajui mtaa, anajua kwao kuna mto.

Mimi nilimlilia nikamaliza. Ndivyo nilivyojiambia. Mume wangu hakumaliza, na nilimchukia kidogo kwa hilo, kwa sababu kila kijiji tulichofika aligonga na kungoja kabla ya kutupa kamba, hata pale ambapo sote tulijua hakuna wa kutujibu.

Siku niliyoleta simu mtumbwini aliniuliza swali moja tu.

"Sauti nayo inaingia mule?"

"Inaingia."

"Inafika mpaka Lubutu?"

"Inafika mpaka Ulaya, papa," nikamjibu, kama tunavyowaita kwetu baba wa watoto.

Akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo, kila nilipoinua simu, aligonga kwanza. Kisha akabaki na kafi hewani, kimya, akitazama ukingo, na mimi namhesabia moyoni mpaka kumi. Ndipo anageuka na kuwasalimu watu kwa uso wake wa kila siku. Nilijua anangoja nini. Sitakuja kusema sikujua.

Binti wa Kisangani alinipigia baada ya video chache. "Mama, watu wanatoka," alisema. "Kwa mwanzo muko munakaa tu kimya. Muntu anaona hakuna kitu, anapita. Ukate pale, uanze na tanga."

Nilipokea shauri hilo kwa mikono miwili. Kwa wengine nilisema ni mambo ya mtandao, ni mega zinazoisha bure, ni watazamaji wasio na subira. Ukweli ni kwamba sikuweza kuyasikia yale mapigo mara ya pili. Kuyasikia mtumbwini kulitosha. Kuyasikia tena ndani ya simu, nikiwa nimeinama juu yake na kidole tayari, kulinifanya mkono utafute sufuria. Basi nikakata. Na simu ilipojaa nikafuta hata vipande vile, nipate nafasi ya kupiga tanga jingine. Nilifanya hivyo miaka miwili, na kusema kweli nikawa hodari wa kukata.

Yeye aliendelea kugonga, akiamini yanafika. Na mimi mwenyewe, niliyefundishwa kujibu, sikujibu hata siku moja, kwa sababu nilikuwa nimeshika simu na sikutaka kelele zangu ziingie.

Kila tulipopata mtandao aliuliza, "Kuko muntu alijibu?"

"Wako wengi," nilimwambia, kisha nikamsomea. Huyu anauliza turubai lilishonwa kwa uzi gani. Huyu wa Dubai anasema amekumbuka nyumbani. Huyu anataka kujua kama mzee hana dawa ya kikohozi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Haya," akarudi nyuma ya mtumbwi.

Nikikumbuka hiyo "haya" nataka kujipiga.

Kikohozi kilichowachekesha watu kilikuwa ugonjwa. Tulipokuja kuelewa, kifua kilikuwa kimekwisha haribika, na daktari wa Kindu alisema nasi kwa sauti ya chini sana hata nikajua. Mume wangu alitaka kurudi mtumbwini mara moja tu. Watu wawili walimbeba asubuhi na kumkalisha mahali pake, kofia ya sufu kichwani. Tanga lilikuwa limekunjwa. Aliniambia niinue simu. Akagonga, na mapigo ya taratibu yalikuwa ya taratibu mno, nikadhani hatamaliza la tano. Kisha akalaza kafi juu ya magoti, kwa kuwa hakuweza kulishika hewani, akangoja. Alingoja kupita kumi. Mbabula ilikuwa karibu na mguu wangu, sufuria juu yake, mwiko ndani. Niliona vyote hivyo. Sikujibu. Niliogopa kuharibu sauti.

Alifariki wiki iliyofuata, nyumbani, katikati ya mchana, wakati watu wanatoka sokoni.

Baada ya kilio simu ilikuwa imejaa maswali. Wazee wa tanga wako wapi, mbona kimya. Ilibidi niwaambie, na maneno hayakunitoka mbele ya simu. Nikatuma ile video ya mwisho kama ilivyo. Sikuikata kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuigusa. Chini yake niliandika tu kwamba baba hayupo tena, asanteni kwa kuwa naye.

Siku kumi hivi zikapita. Kati ya pole nyingi ulikuja ujumbe wa sauti wa mwanamke nisiyemjua. Nauandika kama alivyosema, maana nimeusikiliza mpaka nimeukariri.

"Mama, pole sana. Mi niko Lubutu. Samahani kama ninakusumbua. Ile papa alipiga kwa mwanzo, sisi pia tuko nayo huku kwetu, na hatukujua kama iko ya watu wengine. Dada yangu mukubwa njo alitufundisha. Mama yetu alimuokota ku njia wakati ya vita, alikuwa mutoto mudogo, hakujua hata jina yake. Kila siku akiita watoto kula alikuwa anapiga sufuria vile. Na alikuwa anawapenda sana ninyi. Video ikifika anaita sisi wote, anacheka namna papa anakohoa, anasema huyu muzee na tanga yake, upepo haiko. Alikufa na uzazi, mwaka jana, wakati ya kuvuna mpunga. Ameacha watoto watatu. Nimewaambia wapige, musikie na ninyi."

Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti. Niliweka simu chini, nikaichukua tena, kwa sababu ujumbe ulikuwa haujaisha.

Mwaka jana, wakati wa kuvuna mpunga, tulikuwa mtoni, tumeshapita kijiji cha Lowa kuelekea Ubundu. Nakumbuka kwa sababu upepo ulikuja wa kweli, na video ya siku ile ilipendwa kuliko zote. Labda aliiwahi hiyo pia. Alimwona baba yake akicheka na kamba mkononi. Alimwona mara nyingi, mwaka mzima au zaidi, na hakuna kilichomwambia ni nani, kwa sababu kitu kimoja ambacho angekitambua nilikuwa nimekikata mimi ili watu wasichoke.

Binti wa Kisangani alilia kwenye simu na kusema kosa ni lake. Nilimwambia anyamaze. Yeye alitaka watu watazame. Sababu ya kweli ilikuwa kwangu, na sikumwambia hata yeye. Injini ikipona nitashuka Ubundu, na kutoka hapo nitachukua njia ya Lubutu. Wale watoto watanifahamu kwa sura, mwanamke wa tanga. Nitawaeleza kwamba mimi ni bibi yao. Lile la kukata nitawaambia pia, wakiwa wamekua, kama nitakuwepo.

Lakini nilitaka kusema kuhusu mwisho wa ule ujumbe. Kuna mtu anacheka, kuna mtoto anaambiwa asogee, kisha wanapiga, nadhani ni beseni. Matatu ya haraka. Mawili ya taratibu. Halafu, bila kupumzika, mawili tena.

Kwao ni mapigo saba, kitu kimoja. Hawajui kwamba matano ni ya babu yao na mawili ya mwisho ni jibu. Moja ya mama, moja yangu: la mwisho ni la mama yao, na lililotangulia ni langu. Binti yangu alikuwa akinipigia pigo langu, kwa niaba yangu, kila siku, wakati wa kula, miaka yote ile, na huku mtoni nimeshika simu, nimenyamaza.