Flamenko ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alitoka Msanzi kuja kwetu Sumbawanga kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akakaa wiki tatu. Alikuja na begi la nguo, kiroba cha maharage, na flashi moja aliyoifunga kwenye leso kama hirizi. Ndani ya flashi mlikuwa na albamu moja tu, nyimbo kumi na moja za kundi la Wagitano wa Hispania.

Alinieleza habari zake siku aliyofika. Alikuwa seremala wa misheni kwa miaka mingi, na padri mmoja Mhispania alipenda kuwasha kaseti za namna hiyo karakanani wakati wakipiga randa. Padri aliporudi kwao, alimtumia ile albamu kwa mkono wa mgeni. Wagitano, alisema baba, mababu zao walikuwa watu wa kuhamahama, na muziki huo wa flamenko wameukuza wao, ila kundi hili limeuchanganya na kinanda na ngoma za disko ili vijana nao wacheze. Nikasema ni jambo zuri. Nilidhani tutasikiliza nyimbo mbili, tumpe mzee heshima yake, yaishe.

Upasuaji ulikwenda salama. Jicho likafunikwa, na la pili lilikuwa na ukungu, kwa hiyo hakuweza kusoma wala kutazama televisheni. Mume wangu akachomeka flashi kwenye sabufa ya sebuleni, akamshika baba yake kidole na kumwonyesha kitufe cha kuwashia. Kesho yake, yeye ambaye ni mpima ardhi, akaenda Chala kupima viwanja.

Mimi ni mwalimu. Ilikuwa likizo ya Juni na nilikuwa na mafurushi mawili ya karatasi za mtihani wa kusahihisha. Meza tunayo moja, iko hapo hapo sebuleni. Nje hapakaliki, upepo wa Ufipa mwezi huo unapeperusha karatasi na kupasua midomo. Nikavaa sweta mbili, nikakaa na kalamu nyekundu, na Wagitano wakaanza.

Gitaa lilikuja kwa kasi kama mvua ya mawe kwenye bati. Halafu makofi. Halafu mwanaume mwenye sauti iliyokwaruza, ungedhani kameza moshi, akaanza kulilia jambo ambalo sikulielewa. Siku ya kwanza niliipenda kidogo, sitasema uongo. Siku ya tatu nilikuwa najua kila mahali anapovuta pumzi.

Baba alikuwa na sheria zake. Albamu ilianza wimbo wa kwanza na kwenda kwa mpangilio, bila kuruka. Na umeme wetu ulikuwa ukikatika mara nne, mara tano kwa saa. Kila uliporudi, sabufa ilianza upya wimbo wa kwanza, na baba alifurahi kana kwamba wageni wamerudi. Nyimbo nne za mwanzo nilizijua kuliko wimbo wa taifa. Za mwisho sikuwahi kuzifikia.

Tena alitaka nisikilize kweli. Ningekuwa katikati ya kujumlisha alama, angesema, "Mwanangu, sikiliza hapa, makofi yanapishana." Naye angepiga makofi kunionyesha, na mimi ningepoteza hesabu na kuanza karatasi upya. Jirani yetu, mama mmoja wa Mbeya mwenye duka, alikuja kuuliza kama tuna harusi. Nilimpigia mume wangu simu. Akasema baba ni mgonjwa na mzee, nimvumilie, nitazoea.

Wiki ya pili, Alhamisi, baba alipotoka kwenda chooni, nilichomoa flashi nikaifukia kwenye ndoo ya unga wa ulezi. Aliporudi akabonyeza kitufe. Kimya. Nikamwambia labda sabufa imeharibika. Akapapasa taratibu kwa kidole mpaka akakuta tundu la flashi likiwa tupu. Akaenda kukaa kwenye kiti chake na kufunika magoti kwa blanketi.

Nilisahihisha karatasi sita kwa amani, nikajiona mchawi kwa kila moja. Kisha akaanza. Kwanza makofi, halafu gitaa kwa mdomo, halafu akaimba albamu nzima kutoka kichwani, kwa Kihispania cha kubuni, koo likikwaruza kwa makusudi. Zile nyimbo za mwisho nilizisikia kwa mara ya kwanza kinywani mwa mzee wa Kifipa. Sabufa ilikuwa nafuu.

Alipomaliza, akageuza uso kunielekea.

"Mwanangu, kama kelele zinakuchosha, sema. Mimi si mtoto wa kufichwa vitu."

Kumjibu mkwe si jambo dogo. Nikasema, "Baba, nisamehe. Zimenichosha. Kazi haiendi."

"Sasa umesema," alijibu. "Padri naye zilikuwa zinamchosha. Mimi ndiye niliyekuwa nageuza kaseti."

Nilimuuliza wanaimba nini. Akasema hajui hata neno moja. Aliwahi kumuuliza padri, naye akamjibu kwamba ni mapenzi tu, hayamhusu.

Nikaitoa flashi kwenye unga, nikaifuta. Tukakubaliana asubuhi mara moja na alasiri mara moja, na umeme ukikatika, zamu hiyo imekwisha. Alilishika neno lake, isipokuwa makofi, ambayo aliendelea kuyapiga kwenye mkono wa kiti hata kukiwa kimya. Hayo nilimwachia. Karatasi nilizipeleka shuleni zimechelewa siku mbili, na mkuu wa shule alinitazama nilivyostahili.

Mume wangu alirudi Jumamosi ya mwisho, amepata rangi, amenenepa. Tukampakia baba kwenye gari la Msanzi, akinishukuru na kuniombea Mungu hadi nikaona haya. Njiani kurudi nyumbani mume wangu akasema, "Unaona? Nilikwambia utazoea."

Nikamwambia daktari anataka kulifanyia kazi jicho la pili mwezi wa tisa, na kwamba yeye ndiye atakayeomba likizo. Akauliza kama nimekasirika. Nikatazama mashamba ya mahindi yaliyokauka mpaka tukafika.